Sampuli ya Mgonjwa Ni Amana

Yako mambo ambayo adabu yetu hutufundisha kuyanyamazia, na choo ni mojawapo. Mtu mzima huona haya kumweleza hata mwenzi wake wa ndoa kwamba ameona damu chooni. Hunyamaza mwezi, hunyamaza mwaka, hununua dawa ya bawasiri dukani, na siku anapofikishwa hospitali utumbo umekwisha kuziba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika saratani ya utumbo mpana usemi huo hutimia kila siku.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani hii, na wapatao 900,000 walifariki dunia kwa ajili yake. Miongoni mwa saratani zote, ni ile ya mapafu peke yake iliyoua watu wengi zaidi. Hapo zamani maradhi haya yalihesabiwa kuwa ya nchi tajiri. Leo hayachagui. Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali mbili za taifa jijini Dar es Salaam, yaani Muhimbili na Ocean Road, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2005 na mwaka 2015 idadi ya wagonjwa wa saratani hii iliongezeka takriban mara sita.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta vipimo vyepesi vya kuugundua ugonjwa kabla haujakomaa. Ili wavipate wanahitaji sampuli: choo, damu, na vipande vidogo vya nyama ya utumbo. Sampuli hizo hazina duka. Hutoka katika miili ya watu, na mara nyingi watu hao ni wagonjwa, wenye hofu, na wasio na uwezo wa kubishana na daktari. Makala haya yanauliza swali moja: mgonjwa anapotoa sampuli yake, yule anayeipokea anabeba deni gani? Msimamo wetu ni kwamba sampuli ya mgonjwa ni amana. Haigeuki kuwa mali ya aliyeichukua kwa sababu tu imewekwa katika jokofu lake.

Kazi njema isiyoepukika

Tuanze kwa kuitendea haki sayansi yenyewe. Saratani ya utumbo mpana kwa kawaida huanza kama kivimbe kidogo kiitwacho polipu, ambacho huweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kugeuka saratani. Kikionekana mapema, daktari hukikata kwa kifaa kile kile alichokionea, na mgonjwa hurudi nyumbani. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wale wanaogunduliwa ugonjwa ungali ndani ya utumbo, wapatao 90 kati ya kila 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Ugonjwa ukishaenea viungo vya mbali, hawafiki 20.

Kifaa hicho huitwa kolonoskopi, nao ni mpira mwembamba wenye kamera. Kinahitaji daktari aliyesomea, tumbo lililosafishwa kwa dawa, na fedha. Haiwezekani kumpitishia kila mtu mzima. Kwa hiyo vilitafutwa vipimo vya kuwachuja wenye dalili za hatari kwanza. Cha zamani kilitafuta katika choo damu isiyoonekana kwa macho. Utafiti wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, uliohusu watu zaidi ya 46,000 na kuchapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kuwapima watu kila mwaka kwa njia hiyo kulipunguza vifo vya saratani ya utumbo mpana kwa thuluthi moja. Baadaye kikaja kipimo bora zaidi kinachotambua damu ya binadamu peke yake, kiitwacho FIT. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha kipimo cha Cologuard, ambacho pamoja na damu hutafuta vinasaba vilivyoharibika ndani ya choo, na mwaka 2024 ikaidhinisha Shield, kinachotumia damu ya mshipani.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo ambacho kingepatikana bila watu kukubali kutoa choo chao na damu yao. Anayesema watafiti wasipewe sampuli, anasema ugonjwa uendelee kuua. Sisi hatusemi hivyo.

Hesabu yenye fundisho

Hebu tutazame kwa makini utafiti mmoja, ule uliokipima kipimo cha Cologuard na kuchapishwa mwaka 2014. Ulifanyika katika vituo 90 vya Marekani na Kanada. Waliokamilisha kila hatua walikuwa watu 9,989, wote wakiwa hawana dalili za ugonjwa. Kila mmoja alitoa choo chake kwanza, kisha akafanyiwa kolonoskopi, awe kipimo cha choo kimeonyesha hatari au la. Katika jumla hiyo kubwa, waliopatikana na saratani walikuwa 65 tu. Kipimo kipya kilitambua 60 kati yao. Kile cha FIT kilitambua 48.

Msomaji atashangaa kwamba watu karibu elfu kumi walisumbuliwa ili wapatikane 65. Lakini ndivyo ukweli unavyotafutwa. Ukichukua sampuli za wagonjwa waliolazwa, ambao saratani yao imekwisha kukomaa, kipimo kitaonekana hodari kuliko kilivyo, kwa kuwa uvimbe mkubwa huvuja damu na vinasaba kwa wingi. Uhodari wa kweli hujulikana kwa watu wa kawaida, wanaokwenda shambani na sokoni bila kujua kilichomo tumboni mwao.

Katika hesabu hiyo limo fundisho la haki. Wale watu 9,989 hawakutoa bure. Walifanyiwa kolonoskopi, na wale 65 waligunduliwa na kuelekezwa kwenye matibabu. Kadhalika, bila kolonoskopi watafiti wasingejua kama kipimo kilisema kweli au kilidanganya. Hapo haki ya mgonjwa na ukweli wa sayansi vilidai jambo lile lile. Basi itakapotokea kwamba mtafiti anakuja kwetu kukusanya choo vijijini bila maandalizi ya kolonoskopi kwa wale watakaoonyesha hatari, tumwulize: kilichokuwa wajibu Wisconsin kimekuwaje anasa Sumbawanga?

Tulikwisha kutoa zamani

Afrika Mashariki si mgeni katika habari hizi. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza mwaka 1958 saratani ya taya iliyowapata watoto, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na kutokana na sampuli iliyofika huko mwishoni mwa mwaka 1963, Anthony Epstein na wenzake walitambua kirusi cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Walitangaza ugunduzi huo mwaka 1964. Kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr, kwa majina ya watafiti wawili.

Burkitt huyo huyo aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu miongoni mwa Waafrika wa vijijini, akauhusisha uadimu huo na chakula chenye makapi mengi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya uzito wa choo na muda ambao chakula hukaa tumboni, wakiwalinganisha wanavijiji wa Uganda, watu wa Afrika Kusini na Waingereza. Choo cha mwanakijiji wa Uganda kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha baharia wa Kiingereza. Mafundisho mengi yanayotolewa leo duniani kuhusu nafaka zisizokobolewa yana asili katika kazi ya namna hiyo.

Hatusemi kwamba Burkitt alikuwa mwizi. Alikuwa mganga aliyewapenda wagonjwa wake, na dawa alizozijaribu ziliwaponya watoto kadhaa. Tunalosema ni kwamba majina ya wapokeaji yalibaki, na watoaji wakasahaulika. Kile ambacho miaka hiyo kilipita kwa sababu hakuna aliyeuliza, leo hakiwezi kupita.

Ridhaa isiyo ridhaa

Tufikirie mzee aliyelala wodini. Muuguzi kijana anamjia na karatasi.

"Shikamoo baba. Tia saini hapa chini."

"Marahaba mwanangu. Ni ya nini?"

"Ni ya vipimo tu, baba. Daktari anasubiri."

Mzee anatia dole gumba. Je, ameridhia? Kisheria karatasi ina alama. Kiutu hakuna kilichotokea. Hakuambiwa kwamba vipimo hivyo si vya kumtibu yeye. Hakuambiwa kwamba anaweza kukataa na bado akatibiwa. Hakuambiwa kwamba sampuli yake itagandishwa kwa miaka mingi, pengine katika nchi nyingine, wala kwamba kampuni inaweza kujipatia hataza na faida kutokana na kitakachogunduliwa ndani yake. Mgonjwa anayeogopa kukosa dawa hawezi kusemwa yuko huru, hata kama hakuna aliyemtisha.

Tusidhani haya hutokea kwa maskini wa Afrika peke yao. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, zilichukuliwa chembe za uvimbe wa Henrietta Lacks, mama Mwafrika wa Marekani, bila ridhaa yake. Chembe hizo zikazalishwa katika maabara za dunia nzima. Jamaa zake walikaa zaidi ya miaka ishirini bila kujua, na mwaka 2023 ndipo walipofikia makubaliano na kampuni mojawapo iliyojipatia faida.

Tukio la Wahavasupai, kabila dogo la Wahindi Wekundu wanaoishi katika bonde la Grand Canyon, linagusa zaidi jambo letu. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, wakielewa kwamba inatafutwa sababu ya kisukari kilichokuwa kikiwaangamiza. Baadaye waligundua kwamba damu ile ilitumika pia kuchunguza magonjwa ya akili, ndoa za ndugu kwa ndugu, na asili ya kabila lao, mambo ambayo kwao ni aibu au ni matakatifu. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa wanakabila 41 dola 700,000, na kuwarudishia damu iliyobaki. Fedha hizo si kubwa. Kilicho kikubwa ni kwamba walirudishiwa damu yao, maana kinachorudishwa kwa mwenyewe ni amana.

Katika saratani ya utumbo mpana lipo jambo jingine. Wagonjwa wapatao 3 kati ya kila 100 wameipata kwa sababu ya hitilafu ya kurithi iitwayo Lynch. Kwa hiyo choo na damu ya baba vinaweza kutoa habari za wanawe na wajukuu. Anayetoa sampuli anatoa pia siri ya ukoo, na ukoo huo unaweza kuokolewa kwa habari hiyo kama itawafikia, au kuumizwa kama itawafikia wengine.

Kipimo cha ugenini

Wengine husema tungoje tu, vipimo vikikamilika huko ng'ambo vitaletwa. Rai hii ina kasoro. Kipimo kinachotafuta damu katika choo kilitengenezwa kwa nchi ambazo damu hiyo haina sababu nyingi. Kandokando ya Ziwa Viktoria kichocho cha tumbo kimeenea, na kichocho hutoa damu chooni. Amiba nayo hutoa damu. Mvuvi wa Ukerewe anaweza kuambiwa ana hatari ya saratani kumbe anahitaji vidonge vya kichocho. Kadhalika joto huivunja himoglobini: watafiti wa Florence, Italia, waliona kwamba katika miezi ya kiangazi kipimo hicho kiligundua wachache kuliko wakati wa baridi. Kama ndivyo ilivyo Italia, sampuli iliyokaa kutwa nzima ndani ya basi la Tanga itasema nini?

Liko pia suala la bei. Huko Marekani mpango wa serikali wa bima ya wazee hulipa zaidi ya dola 500 kwa kipimo kimoja cha Cologuard. Aliyetoa sampuli mahali ambapo kipimo kitakachotokana nayo hakitanunulika, ametumika kama ngazi.

Kwa hiyo utafiti wa hapa hapa, kwa sampuli za watu wa hapa, unahitajika. Tusiukimbie. Tuuwekee masharti.

Tunayoyadai

Kwanza, maelezo yatolewe kwa lugha anayoiota mgonjwa, kwa mdomo na kwa maandishi, na mtu asiyekuwa daktari wake anayemtibu. Apewe siku ya kwenda kushauriana na jamaa zake. Mwishoni aulizwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa.

Pili, ridhaa igawanywe. Mtu aweze kukubali choo chake kipimwe kwa ajili ya saratani, na akatae kisihifadhiwe kwa tafiti nyingine. Aweze kubadili nia baadaye na sampuli yake iteketezwe. Jumuiya ya Madaktari Duniani iliitambua haki hiyo ya kubadili nia katika Tamko la Taipei la mwaka 2016 kuhusu hifadhi za sampuli.

Tatu, heshima katika ukusanyaji. Kuchukua choo kutoka choo cha shimo si kazi rahisi kwa bibi wa miaka sabini. Apewe chombo kinachofaa, karatasi ya kutandika, glavu na sabuni, mahali pa faragha, na nauli ya kuleta. Jina lake lisiandikwe juu ya chombo kikapitishwa mbele za watu.

Nne, asikusanye mtu choo au damu kwa ajili ya kipimo hiki bila kwanza kuonyesha ni wapi, lini, na kwa fedha za nani wale watakaoonekana na hatari watafanyiwa kolonoskopi na kutibiwa. Kumwambia mtu kwamba huenda ana saratani kisha kumwacha njia panda ni ukatili.

Tano, sampuli isivuke mpaka bila mkataba unaotaja itatumika kwa nini, itakaa muda gani, na faida itagawanywaje. Nchini Tanzania utafiti wa tiba hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na sampuli zinazopelekwa nje zinahitaji mkataba wa kuzihamisha. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria ziko. Kinachokosekana mara nyingi ni raia anayeuliza.

Sita, majibu yarudi. Utafiti ukiisha, watu waliotoa sampuli waitwe, waelezwe kilichopatikana, hata kama kilichopatikana ni kwamba kipimo hakifai.

Kwa wanaotupinga

Watafiti watasema masharti haya yataongeza gharama na kuwafukuza wafadhili. Tunajibu kwamba gharama ya haki ni sehemu ya gharama ya utafiti, kama ilivyo gharama ya jokofu. Isitoshe, sampuli iliyotolewa kwa hofu haina thamani kubwa. Mtu aliyedanganywa hudanganya naye: huleta choo cha mwingine, haendi kolonoskopi, hapatikani tena kwa simu. Anayeaminiwa na kijiji hupata sampuli bora na hupata watu wa kumfuata miaka kumi mbele.

Upande wa pili wako wanaosema damu zetu na vyoo vyetu vinapelekwa kwa uchawi au biashara, basi tukatae vyote. Hao tunawaomba watafakari. Kukataa kwa kutoelewa kunafanana sana na kukubali kwa kutoelewa. Wagonjwa wa kesho, ambao huenda ni watoto wetu, watahukumiwa na uamuzi wetu wa leo. Kutoa sampuli kwa hiari na kwa ufahamu ni ukarimu wa hali ya juu, kwani mtoaji humsaidia mtu ambaye hatamwona kamwe. Ukarimu wa namna hiyo hauna budi kulindwa usije ukageuzwa mtego.

Ndugu msomaji, ukiona damu chooni usinyamaze, nenda hospitali. Na ukiombwa sampuli huko hospitali usinyamaze vile vile, uliza.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika eneo letu, mtu akiona damu chooni humweleza nani kwanza? Ni nini kinachomfanya achelewe kwenda hospitali?

2. Je, yuko mtu miongoni mwetu aliyewahi kutoa damu, choo au nyama ya mwili kwa utafiti? Aliambiwa nini, na alirudishiwa majibu gani?

3. Hospitali iliyo karibu nasi ina kolonoskopi? Kama haina, iliyo karibu iko umbali gani, na nauli ni kiasi gani?

4. Watafiti wakija kesho kuomba sampuli kijijini, ni nani atakayewauliza maswali kwa niaba yetu, na tumwandae vipi?